Fizikia Chini ya Leso

Mliponiomba niandike kitu cha kuwaachia, nyinyi vijana mnaobaki na funguo za maabara, nilidhani mnataka hotuba, nikakataa. Kisha mmoja wenu akaniuliza kwa nini kwenye droo ya chini, upande wa dirisha, mna leso kuukuu ya kujitanda, iliyokunjwa vizuri, yenye tundu la moto pembeni, na kwa nini nilimkaripia aliyetaka kuifutia meza. Hilo naweza kulijibu. Ila jibu haliji peke yake, na mimi sijui kufupisha. Waulizeni wanafunzi wangu.

Ya vyeo sitayasema. Vyeo vilinijia vilipotaka vyenyewe, na mara nyingi vilinikuta nimeshachoka kuvingoja.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nilisomea kemia na biolojia, na kazi yangu ya kwanza nikapangiwa Banissa. Nilimuuliza karani Banissa ni wapi. Akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani, na kidole chake kikafunika Banissa yote na nusu ya Mandera. "Hapa," akasema, kisha akaita mtu mwingine. Siku ya kwanza kazini niliulizia maabara, nikaonyeshwa kabati. Nikauliza ufunguo wa kabati, nikaambiwa anao mwalimu aliyehama. Muhula ule nilifundisha asidi kwa maji ya ndimu, na ndimu zenyewe zilivuka mpaka kutoka Ethiopia, kwa hiyo sayansi yetu ilikuwa ya magendo. Wanafunzi waliniita maalim, wakanifundisha salamu za Kisomali, na wakanicheka kwa adabu nilipozikosea.

Nilipohamishiwa Garissa, kwenye shule hii hii, nilifurahi kuona jengo lenye neno "Maabara" juu ya mlango. Ndani nilimkuta Adan Dubow, msaidizi wa maabara, ambaye shule nzima walimwita Abti, yaani mjomba. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekuja na pakiti ya mishumaa, nikaiweka kabatini. Abti aliitazama, akaendelea na kazi yake. Baada ya chakula cha mchana nikafungua kabati, nikakuta mishumaa yote imeinama kama watu walio kwenye rukuu.

"Maalim," akaniambia, "hii ni Garissa. Mshumaa haikai kabati. Inakaa kwa maji." Akanionyesha mtungi wake pembeni, umefunikwa gunia bichi, na ndani yake mishumaa imelala majini, imenyooka.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Ungekubali?"

Yule ndiye aliyenifunza kazi, hata kama cheti changu kina sahihi za watu wengine. Alinifunza kuweka chupa ya spiriti chini ya gunia lile lile, maana kwa joto letu spiriti huondoka bila kuaga. Alinifunza kufunga madirisha siku ya kupasua viungo vya mbuzi. Garissa makorongo ni raia, mnawajua, wale ndege warefu wenye vipara wanaoshinda jalalani. Siku moja niliuweka moyo wa mbuzi dirishani, nikageuka ubaoni kuandika kichwa cha somo, na nilipogeuka tena somo lilikuwa linapaa juu ya bweni. "Bole bole, maalim," Abti alikuwa akiniambia kila nilipokimbizana na kengele. "Chupa haina sbea." Herufi p ilimtoka b mara nyingi, na sbea yake ni spea, ya akiba.

Sasa fizikia. Tulikuwa na mwalimu wake, kijana wa bara, mzuri kabisa. Aliondoka likizo ya Desemba na hakurudi. Simlaumu. Wakati ule walimu wengi wa kutoka nje waliiogopa ile njia ya kuja huku, kwa mashambulizi ya mabasi, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Tukaomba mwingine, tukaambiwa tungoje. Tulingoja mpaka kungoja kukawa ndiyo ratiba. Fizikia ikafutwa ubaoni, na wasichana wa kidato cha tatu, ambao ndio wakati wao wa kuchagua sayansi, wakawa hawana cha kuchagua: biolojia na kemia, basi.

Mwaka mmoja, wiki ya kuchagua masomo, wasichana watatu walisimama mlangoni mwa maabara: Nimo, Fardosa na Zeinab. Aliyesema ni Nimo. Alikuwa mwembamba, mkimya darasani, wa kuuliza swali moja baada ya muda mrefu na swali lenyewe likukoseshe usingizi.

"Mwalimu, tunataka kuchukua fizikia."

"Hatufundishi fizikia."

"Tunajua. Hatujasema utufundishe. Tunataka kuichukua."

Nikamuuliza anaitakia nini. Akaniambia habari za kisima cha kwao, upande wa Sangailu, ambacho maji yake yanavutwa kwa pampu ya sola. Kiangazi kilipokaza, pampu ilikufa. Fundi wake yuko Nairobi, na alikuja alipopata nafasi. Alipofika alifungua kisanduku, akabadilisha kitu kidogo, akafunga, akaondoka hata chai hajanywa. Wakati huo babu yake Nimo alikuwa ameshapoteza mbuzi karibu wote.

"Mimi nilikuwa naangalia mkono yake," Nimo akasema. "Hakufanya kazi ngumu. Alijua tu. Nataka nijue ile kitu alijua."

Nikaulizia. Kozi inayomtoa mtu fundi wa mitambo ile inataka umeme, na umeme unataka fizikia. Bila fizikia kwenye cheti, mlango haufunguliwi hata ukibisha vipi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Hassan. Alikuwa mtu wa haki, ila aliuogopa wastani wa shule kuliko simba. "Mwalimu Esha," akaniambia, "hawa watatu wakianguka, wastani wetu umekwenda na maji. Na hilo si kubwa. Kubwa ni mtihani wa vitendo. Hatuna mwalimu wa somo. Likitokea jambo chumbani, wakubwa wa mtihani wanazuia matokeo ya shule nzima. Nina wasichana wengine wamesoma miaka yao. Nitawaambia nini wazazi wao?"

Hakuwa mjinga. Kila alilosema lilikuwa kweli, na ndilo lililoniudhi. Nikamwambia mtihani wa vitendo nitaubeba mimi, kwa jina langu. Akatoa sharti: kila mwisho wa muhula wafanye mtihani wa shule nyingine yenye mwalimu wa fizikia, na atakayeanguka aache. Nilipotoka, Abti Dubow alikuwa ananingoja kwenye kivuli cha ukuta.

"Maalim, wewe unajua fizikia?"

"Niliisoma shuleni."

"Lini?"

Nikamwambia akatafute nyaya.

Tukaanza Jumamosi. Mimi nilisoma ukurasa mmoja mbele yao, na Nimo mara nyingi alikuwa mmoja mbele yangu. Masomo mengine tuliyatazama kwenye simu, mwalimu fulani wa mbali akiandika ubaoni, na mtandao ukimgandisha mdomo wazi katikati ya jambo lenyewe. Hapo wasichana walibishana wenyewe atakuwa anataka kusema nini. Walibishana kwa Kisomali, na neno moja moja la fizikia likipita katikati kama mgeni aliyepotea njia. Umeme waliujifunza kwa taa za sola zilizokufa, ambazo Abti aliziomba sokoni. Waliunguza nyingi, wakafufua chache. Kila mwisho wa muhula tulitetemeka, na kila mara wakapita, wakati mwingine kwa kusukumwa na upepo tu.

Kilichotushinda ni lenzi. Jaribio lenyewe mnalijua: unaweka mshumaa, mbele yake lenzi, nyuma ya lenzi kadibodi nyeupe, unasogeza kadibodi mpaka taswira ya mwali ikae sawasawa juu yake, kisha unapima masafa. Kitabu kinalieleza kwa mistari michache. Lakini madirisha yetu ni makubwa, hayana pazia, na jua la Garissa linaingia maabara kama mwenye nyumba. Kwenye kadibodi hapakuonekana kitu.

"Kitabu inasema taswira iko," Fardosa akasema.

"Hiyo kitabu imeandikwa Ulaya," Zeinab akamjibu. "Huko jua ni ya kuomba."

Nimo aliomba kuazima lenzi, nikampa na kumwambia ikivunjika asirudi. Alikuwa mwanafunzi wa kutwa, na mama yake aliuza maziwa ya ngamia Suuq Mugdi. Jina lenyewe maana yake ni soko la giza, kwa jinsi maturubai na vitambaa vya vibanda vilivyobanana juu mpaka jua halina pa kupenyea. Jumamosi iliyofuata akanipigia kwa simu ya mama yake: njoo uone.

Nilimkuta amekaa nyuma ya madumu, ameivuta jilbabu yake mbele ikamfunika kichwa pamoja na kipande cha kadibodi, na lenzi ameielekeza kwenye uwazi unaotokea barabarani. "Ingia, Mwalimu," akasema kutoka ndani. Nikaingiza kichwa. Barabara nzima ilikuwa inapita kwenye kadibodi, juu chini. Mkokoteni wa punda magurudumu juu. Mwanamume na mzigo wa ndizi akitembea kichwa chini. Rangi zote zipo, ndogo na kali. Nilikuwa nimefundisha sayansi nusu ya umri wangu na sijawahi kuliona jambo lile kwa macho yangu. Nilikaa humo mpaka shingo ikaniuma, na machozi yalinilenga, nasema kweli.

Mama yake akatuinamia. "Maalim, unatafuta nini kwa nguo ya mtoto?"

"Fizikia, abaayo," nikamwita dada kwa Kisomali.

"Umeibata?"

"Nimeipata."

"Basi toka. Wateja wanaona."

Tangu siku hiyo ndiyo ikawa njia yao. Wanafunzi wengine duniani huvuta pazia. Wetu walivuta jilbabu. Mtu akifika kwenye lenzi, anaivuta mbele, anaingia na kadibodi yake, mshumaa unabaki nje, na baada ya kitambo unasikia sauti kutoka ndani ikisema imekaa. Waliizoea mpaka hawakuiona tena kuwa ni jambo.

Ila mimi niliona. Mtihani ulipokaribia nikawakataza, nikawaambia siku ile mtu asijifunike, nitatengeneza giza la chumba. Nikakusanya katoni kuukuu, nikaziba madirisha yote ya upande wa jua, na tukafanya mazoezi humo. Taswira ikaonekana. Nikalala vizuri usiku ule, na ndio ulikuwa wa mwisho.

Asubuhi ya mtihani msimamizi akaja, Bwana Kilonzo, mwalimu wa historia kutoka kaunti nyingine. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo mapema. Alikuwa amechoka, amekaa siku nyingi ugenini akilinda karatasi, na alikuwa na kanuni zake kichwani. Akasimama katikati ya maabara akazitazama katoni.

"Madam, hizi zina maandishi."

"Ni majina ya vitabu tu, vilivyokuja ndani yake."

"Vitabu vya nini?"

Nikanyamaza. Vilikuwa vya sayansi.

"Zitolewe," akasema. "Na tena lazima niwaone watahiniwa hata nikiwa mlangoni."

Abti na mimi tukazitoa moja moja, na kila moja ilipotoka jua likaingia. Niliwatazama wasichana waliopanga mstari nje. Nimo alikuwa anayatazama madirisha. Sikuruhusiwa tena kusema nao. Kanuni ni kwamba mwalimu wa somo akishaandaa vifaa hutoka, akae karibu endapo kitu kitavunjika. Tukakaa kwenye benchi, Abti na mtungi wake wa mishumaa katikati ya miguu. Meza za lenzi zilikuwa mbili, Nimo na Fardosa. Zeinab alianzia kwenye umeme, baadaye wangebadilishana.

Muda ulikwenda. Nilisikia rula ikiwekwa mezani, nikasikia kiti. Kisha rula haikusikika tena. Nilijua ndani kuna nini: msichana anatazama kadibodi nyeupe isiyo na kitu, na saa inakimbia.

"Wewe. Toa kichwa hapo."

Abti akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Bwana Kilonzo akatokea mlangoni. "Madam, ingia. Kuna udanganyifu."

Nimo alikuwa amesimama, jilbabu ameikamata kwa ngumi mbili kifuani. Mshumaa wake ulikuwa bado unawaka na umeanza kuinama. Fardosa alikuwa ameweka mikono mezani, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba. Zeinab hakuinua macho kwenye nyaya zake.

"Amejifunika na karatasi," Bwana Kilonzo akasema. "Nataka kujua ndani ya hiyo nguo kuna nini. Aivue."

"Hawezi kuivua mbele ya wanaume."

"Basi apekuliwe."

Askari wa mlangoni alikuwa mwanamume. Askari wa kike tuliyepewa alikuwa amepelekwa kituo kingine asubuhi hiyo. Yule wa mlangoni aliitazama bunduki yake, akatazama viatu vyake, akarudi nyuma hatua.

"Kama haiwezekani, nitaandika nilichokiona," Bwana Kilonzo akasema. "Mtahiniwa alijifunika na karatasi, akakataa kupekuliwa. Unajua kinachofuata, Madam."

Nilijua. Mwalimu Hassan alikuwa ameshafika dirishani, na yeye alijua zaidi yangu. Nyuma yake, upande wa pili wa uwanja, wasichana wa kidato cha nne walikuwa wamekaa kivulini wakisomea karatasi ya kesho, hawana habari kwamba miaka yao minne imeshikwa na mshumaa uliopinda.

"Mimi nitatoka," Nimo akasema. "Andika nimetoka mwenyewe. Hawa wengine waendelee, shule isiguswe."

"Kaa," nikamwambia.

"Mwalimu, shule nzima..."

"Nimesema kaa."

Niliogopa, na hofu kwangu hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini kugombana na msimamizi kungemaliza kazi, kwa hiyo nilisema polepole: "Bwana Kilonzo, hicho anachokitafuta hakionekani kwenye mwanga huu. Anatengeneza giza."

"Giza la nini?"

"La kuonea mwali wa mshumaa."

"Mwali ninauona hapa nilipo."

"Si ule. Ule wa kwenye kadibodi."

Akanitazama kama mtu anayetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Madam, mimi siwezi kuandika maneno hayo kwenye ripoti."

"Basi uangalie mwenyewe kwanza."

"Niingie kwenye nguo ya mwanafunzi?"

Askari akakohoa. Hata mimi niliona aibu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mtu wa Lamu na sitoki nyumbani bila leso. Nikaitoa mkobani, ya buluu iliyokoza, pana, nzito, ya shangazi yangu. Bwana Kilonzo akaipokea, akaikunjua, akaikagua upande wa juu na upande wa chini, akafika kwenye jina lake akasoma kwa sauti: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Akaniuliza, "Hii ina uhusiano na fizikia?"

"Hapana."

Kwenye meza ya akiba palikuwa na lenzi na kadibodi. Abti akaomba ruhusa ya kuingia, akatoa mshumaa mtungini, akaupangusa kwa shati lake, akausimamisha. Ukasimama wima. Nikakunja leso mara mbili. Bwana Kilonzo akavua miwani, akainama, akaingia na kadibodi mkononi. Tukabaki tunamtazama, msimamizi wa mtihani kiwiliwili nusu ndani ya leso ya shangazi, na hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuchekea.

"Sioni kitu," akasema kutoka ndani.

"Sogeza," Abti akamwambia. "Bole bole."

"Sioni."

"Bole bole zaidi."

Saa ya ukutani ilikuwa inalia. Mshumaa wa Nimo ulikuwa umeinama mpaka mwali unalamba ubao wa meza, nikauzima kwa vidole. Niliwaza vizuri sana kwamba nimeimaliza shule. Niliwaza nitakavyomwambia mama yake Nimo, kwa Kiswahili gani.

"Imepinduka," Bwana Kilonzo akasema.

Abti akanitazama.

"Mwali umepinduka. Unaangalia chini." Hakutoka. Akakaa humo muda ambao haukuwa wake, wala wangu, ulikuwa wa Nimo, lakini sikuthubutu kumgusa. Harufu ya kitambaa ikaanza. Pembe ya leso ilikuwa imelala kwenye mshumaa. Abti akaipiga kwa kiganja chake kilicholowa, na Bwana Kilonzo akachomoka, nywele zimesimama, macho madogo.

Akavaa miwani. "Hakuna maandishi," akasema. Akamgeukia Nimo. "Jilbabu ibaki mahali pake. Mtatumia hii, nimeikagua. Kichwa ndani, mikono nje, niione. Na muda uliopotea siwezi kuurudisha. Sina mamlaka hayo." Kisha kwangu: "Nitaandika nilichokiona, Madam. Chote."

Leso ilikuwa moja. Fardosa akamsogezea Nimo, yeye akaanza kuchora mihimili ya grafu ambayo bado haikuwa na cha kuingia, akingoja zamu yake. Nikatolewa nje. Kutoka kwenye benchi niliweza kuona mikono ya Nimo tu, imetoka chini ya leso ya buluu, inasogeza kadibodi. Taswira haikai kwa mkono usiotulia, inatawanyika. Nikaiona mikono inatulia, inashika rula, inaandika, inarudi. Abti alikuwa anasoma dua kimoyomoyo na mimi nikaitikia amina bila kujua nimeitikia nini.

Kengele ilipolia Nimo alitoka akakaa chini, mgongo ukutani. "Sikumaliza," akasema. Abti akamletea maji. Hakunywa, aliyashika tu. Mama yake alikuwa amekuja kumpokea langoni na dumu lake tupu. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Alivua nguo?"

"Hakuvua."

"Alhamdulillahi. Mengine ni ya Mungu."

Mengine yalikuwa ya Mungu na ya ripoti ya Bwana Kilonzo. Tuliyangoja. Mwalimu Hassan alikuwa ananisalimia, anaulizia afya ya nyumbani, na mazungumzo yanakoma hapo. Hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu. Kila gari geni lilipoingia langoni nilidhani limekuja na barua. Nilikonda. Dada zangu Lamu waliponiona likizo walidhani naumwa.

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa maabara nikihesabu glasi ili nisikae kwenye simu. Mwalimu Hassan akaingia, akavuta stuli, akakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Yametoka yote," akasema. "Shule nzima. Hakuna lililozuiwa." Akajifunika uso kwa viganja, na nikatazama pembeni, kwa sababu mtu mkubwa ana haki ya kufanya hivyo bila kutazamwa. Kisha akanisomea fizikia. Fardosa B. Zeinab C ya juu. Nimo B ya chini.

Nimo alikuja jioni hiyo. Nilimpongeza, akapokea kwa adabu. "Ningemaliza yale ya mwisho ningepata A," akasema.

"Najua."

"Yule mwalimu aliandika nini?"

Sijui mpaka leo. Nimeulizia kila nilipopata mtu wa kumuuliza, na hakuna anayejua. Labda aliandika nilichomwomba Mungu, kwamba hapakuwa na udanganyifu, au aliandika kweli tupu na mtu huko juu akaielewa. Kama yuko hai na nywele zake zimelala, namwombea heri.

Abti alistaafu kabla yangu. Bado hutuma salamu kuuliza mishumaa iko kwa maji. Nimo anasoma uhandisi wa umeme kwenye chuo kimoja huko bara. Wiki niliyokuwa nafungasha vitu vyangu alinipigia simu.

"Mwalimu, leo wametuingiza chumba cha giza."

"Cha nini?"

"Cha lenzi. Chumba mzima, Mwalimu. Iko na mlango, iko na pazia nyeusi, unavuta tu. Wenzangu waliingia wakiongea mambo ya chakula. Mimi nililia."

"Ulilia nini, mwanangu?"

"Nilikasirika. Hawa walipewa giza kutoka kidato cha kwanza. Hata hawajui ni kitu mtu anaweza kukosa."

Nami nimekasirika, naliandika hapa bila kulipamba, na umri haujanipoza.

Mwaka huu tena wako wasichana waliochukua fizikia, mnawajua, wawili wenu ndio mnaokaa nao Jumamosi, na mwalimu wa somo bado hajaletwa. Pazia nyeusi niliziomba kabla sijaondoka, na tumeahidiwa. Zikifika, nirudishieni leso yangu Lamu, maana ni ya shangazi. Zisipofika, iko droo ya chini. Lowesheni ile pembe ya upande wa mshumaa kabla ya mtoto kuingia.